Nusu ya ramani: mabaharia wa Ulaya walivyojenga himaya bila kujua walipo

Tarehe 24 Aprili 1498 meli tatu za Vasco da Gama ziling'oa nanga Malindi, zikiwa na rubani waliyepewa na mfalme wa mji huo. Baada ya siku 23 milima ya India ikaonekana. Kurudi kulikuwa kisa kingine kabisa. Walitweka tanga kutoka kisiwa cha Anjediva, karibu na Goa, tarehe 5 Oktoba, na hawakuiona pwani ya Afrika mpaka tarehe 2 Januari 1499, walipotokea mbele ya Mogadishu. Karibu miezi mitatu. Watu wapatao 30 walikufa njiani, kiseyeye kikiwamaliza mmoja mmoja, na katika kila meli wakabaki saba au wanane tu wenye nguvu za kushika kamba. Walipokwisha kupita Malindi wakaichoma moto moja ya meli zao, São Rafael, kwa kuwa waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli tatu.

Meli ni zilezile, dira ni zilezile, ala za kupimia jua ni zilezile. Kilichobadilika ni upepo. Mwishoni mwa Aprili kusi ilikuwa inaanza kushika na ikawasukuma. Mwanzoni mwa Oktoba kaskazi ilikuwa bado haijaja, wakaangukia kwenye shwari na pepo za mbisho. Nahodha yeyote wa jahazi, awe wa Lamu au wa Sur kule Oman, angewaambia wangoje.

Hadithi tuliyosomeshwa wengi wetu ni fupi: Wazungu walipata dira na vipimo vya nyota, wakaizunguka dunia, wakaitawala. Haina uongo mwingi, ila imeruka jambo kubwa. Kuanzia miaka ya 1480 hadi miaka ya 1760, baharia wa Ulaya aliye katikati ya bahari aliijua nusu tu ya mahali alipo. Aliweza kusema yuko umbali gani kaskazini au kusini ya ikweta. Yuko umbali gani mashariki au magharibi, alikisia. Ukiishika nusu hiyo mkononi, mambo mengi ya karne hizo yanaanza kueleweka: kwa nini njia za biashara zilipinda kwa namna ya ajabu, kwa nini wafalme waliuziana visiwa ambavyo hawakujua viko wapi, na kwa nini meli zilizojaa fedha zilijigonga kwenye miamba usiku wa mbalamwezi.

Jua la saa sita na karatasi ya Zacuto

Wareno walianza kuteremka pwani ya Afrika Magharibi katika karne ya 15. Kwenda kulikuwa rahisi, maana upepo na mkondo huko vinaelekea kusini. Kurudi ndiko kulikowatesa. Suluhisho walilolipata lilikuwa la kijasiri: badala ya kubishana na upepo kandokando ya pwani, walikata kwenda kaskazini-magharibi, mbali kabisa na nchi kavu, mpaka wakakutana na pepo za magharibi zinazowarudisha nyumbani. Duara hiyo ya upepo ndiyo mtaji wa kwanza wa himaya za Atlantiki. Walipojenga ngome ya Elmina mwaka 1482 dhahabu ilipita humo, na baadaye mzunguko uleule wa pepo ukabeba mamilioni ya watu waliofungwa minyororo kwenda Amerika.

Sasa, mtu akienda mbali na pwani anahitaji kujua atarudi kwa mstari gani. Kaskazini ya ikweta kazi hiyo ilifanywa na nyota ya jaa. Haisogei mahali pake, na kimo chake juu ya upeo wa macho ndiyo latitudo yako, kwa karibu sana. Lakini ukikaribia ikweta nyota hiyo inazama. Wareno walipofika Ghuba ya Guinea wakajikuta hawana taa.

Iliyobaki ni jua. Chukua siku ya Machi ambayo usiku na mchana ni sawa. Siku hiyo jua liko juu ya ikweta yenyewe. Ukisimama Unguja ukapima kimo chake saa sita mchana kamili, utapata takriban nyuzi 84. Toa kwenye 90, zinabaki 6: ndiyo latitudo ya Unguja, nyuzi 6 kusini. Tabu ni kwamba jua halikai hapo. Kwa mwaka mzima linapanda na kushuka, nyuzi 23 na nusu kaskazini, kisha kiasi hicho hicho kusini. Kwa hiyo lazima ujue leo liko wapi, ndipo ujumlishe au utoe.

Hapo ndipo alipoingia Abraham Zacuto, mnajimu wa Kiyahudi aliyefundisha Salamanca, aliyekuwa amepanga majedwali ya mahali pa jua siku kwa siku. Mwanafunzi wake José Vizinho, mtu wa baraza la Mfalme João wa Pili wa Ureno, alitumwa Guinea mwaka 1485 kwenda kujaribu kipimo cha jua huko. Majedwali ya Zacuto yalichapishwa Leiria mwaka 1496. Yeye mwenyewe alikuwa ameikimbia Hispania ilipowafukuza Wayahudi mwaka 1492. Ureno nayo ilipowaamuru wabatizwe au waondoke, akavuka bahari hadi Tunis. Wafalme waliichukua hesabu, mwenye hesabu hawakumtaka.

Kwa maoni yangu karatasi hii ndiyo teknolojia yenyewe, kuliko shaba ya astrolabu, ile ala ya kupimia kimo cha jua na nyota. Astrolabu Waarabu na Waajemi walikuwa nayo kwa karne nyingi. Jipya ni kwamba dola ililipa wataalamu waifanye hesabu ngumu mara moja, nchi kavu, kisha baharia asiyejua kitu kuhusu mbingu apewe jedwali la kujumlisha na kutoa. Ujuzi ukaacha kukaa katika kichwa cha bingwa mmoja. Ukawa kitu ambacho kinaweza kugawiwa kwa kila chombo kinachotoka Lisbon.

Da Gama aliitegemea karatasi hiyo. Baada ya visiwa vya Cape Verde alikata Atlantiki kwa duara kubwa, miezi mitatu bila kuona nchi, akatokea Novemba 1497 kwenye ghuba iliyo kaskazini kidogo ya Rasi ya Tumaini Jema. Kitu cha kwanza alichofanya ni kushuka pwani na astrolabu kubwa ya mbao kupima jua, kwa sababu juu ya sitaha inayoyumba kipimo hakiaminiki. Kosa la uzi mmoja ni kilomita 111.

Rubani asiyeshangaa

Mwanahistoria wa Kireno João de Barros, aliyeandika katikati ya karne ya 16, anasimulia kwamba da Gama alimwonyesha rubani wa Malindi astrolabu zake, akitarajia mshangao. Hakushangaa. Alieleza kuwa marubani wa Bahari ya Shamu wana ala zao za shaba za kupimia jua na nyota, naye akatandaza ramani ya pwani ya India yenye mistari iliyopangwa kwa utaratibu.

Huku kwetu kipimo kilichotumika zaidi kilikuwa kamali: kibao kidogo cha mstatili chenye uzi katikati, na mafundo kwenye uzi. Unauma uzi kwa meno kwenye fundo la bandari unayoitaka, unanyoosha kibao mbele ya jicho, ukingo wa chini ukikaa kwenye upeo wa bahari. Ikiwa nyota imekaa sawasawa kwenye ukingo wa juu, uko kwenye mstari wa bandari yako. Geuza usukani uufuate. Vipimo vilitajwa kwa vidole, kidole kimoja kikiwa kama nyuzi 1.6 za latitudo. Kifaa cha bei ya chini, hakina kinachoharibika, na katika bahari ambayo upepo wake unabadilika kwa ratiba kilitosha kabisa.

Rubani huyo alikuwa nani? Wengi watakujibu haraka: Ahmad ibn Majid wa Julfar, Ras al-Khaimah ya leo, bingwa aliyekamilisha kitabu chake kikuu cha ubaharia karibu mwaka 1490 na kutunga mashairi ya njia za bahari, pwani yetu mpaka Sofala ikiwemo. Dai hilo lilitoka kwa mwandishi wa Makka wa karne ya 16, na watafiti wengi wa leo hawalikubali. Shajara ya safari yenyewe inamwita rubani Mkristo tu, naye Barros anamtaja kuwa Mwislamu wa Gujarat. Namwonea huruma Ibn Majid: mtu mwenye vitabu vyake anakumbukwa zaidi kwa safari ambayo huenda hakuifanya.

Yaliyotokea Oman miaka mitano baadaye yananionyesha vizuri zaidi kilichokuwa kinaendelea. Mwaka 1503 Vicente Sodré, mjomba wa da Gama, alitia nanga na meli zake kwenye kisiwa cha Al Hallaniyah, mbele ya pwani ya Dhofar. Wavuvi wa pale wakawaonya: upepo mkali wa kaskazini unakuja, hameni upande wa pili wa kisiwa. Meli ndogo zikahama. Ndugu wawili wa Sodré, Vicente na Brás, walizitegemea nanga zao za chuma, wakabaki. Upepo ukaja Mei, ukakata kamba, ukazitupa meli zao mbili mwambani. Vicente akafa na watu wake. Wazamiaji walipochimba mabaki yanayoaminika kuwa ya meli yake, Esmeralda, walikuta mwaka 2014 kisahani cha shaba chenye upana wa sentimita 17 na nusu na nembo ya mfalme wa Ureno. Ni astrolabu ya baharia, ya zamani kuliko zote zinazojulikana. Waliokuwa nayo walijua kupima jua. Upepo wa Dhofar waliujua wavuvi.

Na ndiyo maana siwezi kukubali kwamba vipimo ndivyo vilivyoipa Ureno Bahari Hindi. Vipimo viliifikisha. Kilichofuata ni mizinga: Kilwa na Mombasa ziliporwa mwaka 1505, kisha ikaja amri kwamba chombo cha mfanyabiashara kisichokuwa na hati ya Wareno kinaweza kukamatwa pamoja na shehena yake.

Upepo, kwa upande wake, uliendelea kutawala kama kawaida. Meli ya Lisbon ilipaswa kuondoka Machi au Aprili ili iwahi kusi na kufika Goa karibu na Septemba. Iliyochelewa ililala Kisiwa cha Msumbiji miezi mingi ikingoja msimu. Kisiwa kile kidogo hakikuwa na dhahabu yake wala hata maji ya kutosha. Kikawa makao makuu kwa sababu ndipo waliochelewa walipokwama.

Mstari ambao hakuna aliyeweza kuuona

Longitudo, yaani umbali wa mashariki au magharibi, ni habari nyingine, na ni vyema kueleza kwa nini ilikuwa ngumu. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, uzi mmoja kwa dakika nne. Jua likiwa utosini Unguja, saa ya ukutani iliyofuata jua la London ingesoma saa tatu na dakika 23 hivi asubuhi. Tofauti hiyo ya saa mbili na dakika 37 ndiyo longitudo ya Unguja: nyuzi 39 mashariki. Hivyo anayejua saa ya mahali alipo na saa ya kwao kwa wakati mmoja amekwisha kujua alipo. Kanuni hii iliandikwa tangu karne ya 16. Iliyokosekana ni saa inayoweza kukaa miezi chomboni, katika joto, baridi, chumvi na mtikisiko, bila kukosea. Saa za pendulumu hazikuweza.

Baharia akabaki na makisio. Alitupa kibao chenye kamba ya mafundo nyuma ya shetri, akahesabu mafundo yaliyotoka wakati mchanga unashuka kwenye chupa, akaandika mwendo kwenye batli. Mkondo unaoisukuma meli kando hauhesabiki kwa kibao hicho, maana nacho kinasukumwa pamoja nayo. Baada ya wiki nane, makosa madogo yaliyojumlishwa yaliweza kufika mamia ya kilomita.

Pamoja na hayo, mwaka 1494, kule Tordesillas, Hispania na Ureno ziligawana dunia kwa mstari wa longitudo: ligi 370 (ligi ni kipimo cha zamani cha masafa) magharibi ya visiwa vya Cape Verde. Hakuna aliyeweza kuuonyesha. Mambo yalikwenda mpaka msafara wa Magellan ulipofika visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, kutoka upande wa pili mwaka 1521. Huko ndiko karafuu zilikotoka, miaka mia tatu kabla ya mikarafuu kuota Unguja. Visiwa viko nusu ya nani? Mwaka 1524 wataalamu wa pande zote mbili walikutana mpakani, Badajoz na Elvas, na globu na ramani zao, wakabishana majuma kadhaa, kila upande ukivuta visiwa kwake. Hawakuafikiana, wala wasingeweza. Mwaka 1529, huko Zaragoza, Mfalme Karolo wa Tano, aliyehitaji fedha za vita, akauza madai yake kwa Ureno kwa dukati 350,000, sarafu za dhahabu za wakati huo.

Vipimo vya leo vinaonyesha kwamba Maluku ilikuwa ndani ya nusu ya Ureno. Mfalme wa Lisbon alinunua haki ambayo kwa mkataba wake mwenyewe tayari alikuwa nayo. Wenyeji wa Ternate na Tidore, visiwa vya Maluku vyenyewe, hakuna aliyewauliza.

Kwa kuwa ujuzi wenyewe ulikuwa haba, ukafungiwa. Seville ilianzisha ofisi ya biashara ya Amerika mwaka 1503, ikateua rubani mkuu na kuweka ramani moja rasmi iliyosahihishwa kila meli iliporudi. Lisbon ilikuwa na yake. Mwaka 1502 mjumbe wa Kiitalia, Alberto Cantino, alipata kwa siri ramani mpya ya dunia kutoka Lisbon kwa dukati 12 za dhahabu, na kwa bahati hiyo tunayo mpaka leo, huko Modena. Siri za namna hii hazikai. Mholanzi Jan Huygen van Linschoten, aliyekuwa karani wa askofu mkuu wa Goa, alirudi kwao akachapisha maelekezo ya njia za Wareno mwaka 1595 na 1596. Mwaka 1602 Waholanzi wakaunda kampuni yao ya India Mashariki, VOC, wakaja kuchukua.

Wageuke lini?

Waholanzi ndio walioibeba ile nusu ya ramani mpaka mwisho wake. Mwaka 1611 Hendrik Brouwer alijaribu njia mpya: kutoka Rasi ya Tumaini Jema hakupanda kandokando ya Afrika wala kungoja kusi. Aliteremka hadi kwenye pepo kali za magharibi, karibu na latitudo 40 kusini, akakimbia nazo moja kwa moja mashariki, kisha akageuka kaskazini kuelekea Java. Safari kutoka Uholanzi ikapungua hadi karibu miezi sita. Kampuni ikaifanya njia hiyo kuwa amri. Pwani yetu ikaachwa pembeni, na baadaye, mwaka 1652, VOC ikajenga kituo cha maji na mboga pale Rasi. Kituo hicho ndicho kilichokuwa Cape Town.

Ila swali ni moja: unageuka lini? Latitudo haikujibu. Kugeuka ni suala la longitudo. Mwaka 1616 Dirk Hartog alichelewa kugeuka akaikuta Australia, ambayo hakuitafuta. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni 1629 meli mpya ya VOC, Batavia, ilikuwa inakimbia kaskazini ikiwa na watu zaidi ya 300 na makasha ya fedha. Mbele kulikuwa na weupe juu ya maji. Nahodha Ariaen Jacobsz alisema ni mbalamwezi. Kwa hesabu ya batli yao nchi kavu ilikuwa bado mbali sana. Ulikuwa povu la mawimbi kwenye miamba ya Abrolhos, mbele ya pwani ya magharibi ya Australia. Watu kama 40 walizama. Jacobsz na kamanda Pelsaert walipokwenda Java kwa mashua kutafuta msaada, genge moja liliwaua wenzao zaidi ya 100 kwenye visiwa vile vikavu.

Miamba haikuchagua taifa. Oktoba 1707 manowari nne za Uingereza ziligonga visiwa vya Scilly, karibu kabisa na nyumbani, zikaua watu zaidi ya 1,400 akiwemo amiri wao Cloudesley Shovell. Mwaka 1714 Bunge la London likatangaza zawadi ya pauni 20,000 kwa atakayepata longitudo baharini kwa usahihi wa nusu uzi.

Kisa cha John Harrison kimesimuliwa sana, nami nitakipita haraka. Seremala wa kijijini, akafanya kazi hiyo tangu ujana hadi uzee. Saa yake ya nne, yenye upana wa sentimita 13, ilipelekwa Jamaica mwishoni mwa 1761 na baada ya siku 81 ilikuwa imepotea kwa sekunde 5 hivi, sawa na kilomita mbili na ushei. Bodi iliyosimamia zawadi, yenye wanajimu ndani yake, ilimsumbua kumlipa. Njia ya wanajimu wenyewe, kupima umbali kati ya mwezi na nyota, ilipata majedwali yaliyochapishwa kuanzia mwaka 1767. Ilihitaji hesabu ndefu lakini karatasi ni rahisi kuliko saa, kwa hiyo njia zote mbili zilitumika bega kwa bega kwa miongo mingi. James Cook alibeba nakala ya saa ya Harrison katika safari yake ya pili, 1772 hadi 1775, akairudisha akiisifu.

Kuanzia hapo ndipo nusu ya pili ya ramani ikaanza kujazwa, na kazi hiyo ilishikwa zaidi na jeshi la majini la Uingereza. Huku kwetu ilifika na William Owen. Kati ya 1822 na 1826, akiwa na meli Leven na Barracouta, alipima pwani ya Afrika kwa kronomita, yaani saa sahihi za baharini, na bildi, kamba yenye uzito ya kupimia kina, akiandika kina cha maji, miamba na milango ya bandari. Homa iliwaua maofisa na mabaharia wake kwa wingi.

Februari 1824 aliingia Mombasa. Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walikuwa wanatishwa na Sayyid Said wa Oman, na tayari walikuwa wamepandisha bendera ya Uingereza kuomba hifadhi. Owen, mpima bahari asiyekuwa na ruhusa yoyote ya kutwaa nchi, akawakubalia kwa sharti kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe. Akamwacha luteni kijana, John James Reitz, kuwa gavana. Kabla ya miezi minne kwisha homa ikamuua. Sayyid Said alilalamika, London haikutaka kugombana naye, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Ramani za Owen zilichapishwa na zikaendelea kuongoza manowari za Kiingereza zilizorudi katika maji haya kusaka majahazi ya watumwa. Kwenye ramani ya Mombasa ya leo, mkono wa bahari ulio upande wa Changamwe bado unaitwa Port Reitz.